Akiba Inayooza: Kutoka Kompyuta ya Mama Mzazi Iliyookoa Toy Story 2 Hadi Seva za Chumbani

Mwaka 1998, kwenye studio moja ya katuni huko California, jamaa fulani aliandika amri fupi ya kufuta faili. Pengine alitaka tu kusafisha takataka kwenye folda yake. Amri ikashika njia isiyo yake na kuanza kufuta kila kitu kuanzia juu kabisa.

Muda huohuo wenzake walikuwa wamefungua folda ya Woody, yule kauboi wa Toy Story. Wakaangalia orodha ya faili, zimepungua. Wakaangalia tena, zimebaki chache. Mara ya tatu kompyuta ikawajibu kwamba folda yenyewe haipo. Mmoja akapiga simu chumba cha seva akasema chomoeni waya sasa hivi. Wakachomoa, lakini mzigo ulishaondoka. Karibu asilimia 90 ya filamu ya Toy Story 2, kazi ya watu wengi kwa muda mrefu, ilikuwa imefutika.

Mtu angesema ishu ndogo, si kuna nakala za akiba? Zilikuwepo, kwenye mikanda. Kumbe kwa wiki kadhaa ile mikanda ilikuwa hairekodi inavyotakiwa na hakuna aliyeijaribu. Akiba ilikuwa jina tu.

Kwenye kikao cha dharura, kila mtu kainamisha kichwa, mama mmoja aliyekuwa msimamizi wa ufundi akakumbuka kitu. Alikuwa amejifungua karibuni, na ili afanye kazi huku akilea, aliwekewa kompyuta nyumbani. Kila baada ya muda ilikuwa inavuta nakala ya filamu nzima kutoka studio. Wakaingia kwenye gari lake fasta, wakaenda kwake, wakaifunga ile kompyuta kwa mablanketi na kuirudisha taratibu kwenye siti ya nyuma kama mgonjwa mahututi. Walipoiwasha, filamu ilikuwemo, ikiwa imepitwa na siku kadhaa tu. Wakakesha kwa zamu, wakikagua maelfu ya faili mpaka zikakaa sawa.

Stori hii watu wa burudani wanaipenda kwa sababu ya filamu. Kuna kundi lingine linaipenda kwa sababu ya ile kompyuta ya nyumbani. Hao ni vijana wanaojenga seva zao za kuhifadhi data chumbani, chini ya kitanda au juu ya kabati, ili waendeshe maabara zao za mashine pepe. Kwao, yule mama ni kama bibi wa ukoo. Historia ya kazi yao imejaa watu wa aina hiyo: majina yao hayaimbwi, lakini bila wao picha zako za graduesheni zingeshapotea zamani.

DISKI YA TANI MOJA

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski inayozunguka. Kabati lake lilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, na uzito wake ulikaribia tani moja. Ndani yake ziliingia herufi milioni 5, yaani MB 5 hivi. Picha moja ya simu ya leo inaweza kuijaza.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, diski kubwa ilikuwa mali ya mabenki, serikali na vyuo vikuu. Ilikuwa ghali, na ikifa imekufa na kila kilichomo. Wenye pesa walijilinda kwa njia moja: nunua ya pili ya gharama ileile, andika kila kitu mara mbili.

JAMAA WATATU WA BERKELEY

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kompyuta za mezani zilikuwa zimeshaleta diski ndogo za bei nafuu. Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakajiuliza swali la kihuni kidogo: kwa nini kununua tembo mmoja wakati unaweza kufunga punda wengi pamoja? Mwaka 1988 wakachapisha andiko lililoipa dunia neno RAID, na herufi ya tatu ilisimama kwa neno lenye maana ya "nafuu". Baadaye wauzaji waliibadilisha isimame kwa "huru". Neno nafuu si zuri sana ukiwa unauza kwa bei ya juu.

Siri ya RAID inaeleweka na mtoto wa darasa la pili. Chukua diski tatu. Ya kwanza ina namba 3, ya pili ina 4, ya tatu inaandikiwa jumla, yaani 7. Ya pili ikifa, unachukua 7, unatoa 3, unapata 4. Diski imekufa lakini data iko hai. Mashine zenyewe zinatumia hesabu tofauti kidogo, ila wazo ni hilo.

Kitu kimoja kikasahaulika njiani. RAID inakulinda diski ikifa. Haikulindi na kidole chako. Studio ile ya katuni hata ingekuwa na diski 1,000 zilizofungwa hivyo, amri ya kufuta ingefuta kwenye zote kwa utii kabisa. Hapo ndipo wengi wanapopigwa mpaka leo: mtu ananunua kiboksi cha diski mbili, anazifunga kwa pamoja, anatulia akijua ana akiba. Hana. Ana nakala mbili za kosa lilelile.

KOMPYUTA KUMI NDANI YA MOJA

Upande wa pili wa stori unaanza miaka ya 1960 huko Cambridge, Massachusetts. Wahandisi wa IBM walitengeneza programu ya kuigawa kompyuta moja kubwa ili kila mtumiaji aone kana kwamba ana kompyuta yake peke yake. Hizo ndizo mashine pepe: hazishikiki, lakini zinafanya kazi kama kompyuta kamili.

Kwa miongo mitatu ujanja huo uliishi kwenye mashine za wakubwa. Mwaka 1999 kampuni changa iitwayo VMware ikauleta kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani. Mwaka 2007 uwezo wa aina hiyo, unaoitwa KVM, ukaingizwa ndani ya Linux yenyewe, bure. Mwaka 2008 VMware wakatoa bure toleo la programu yao ya seva, ESXi, na mwaka huohuo Proxmox ikatoka. Kijana aliyekuwa akijifunzia kazi ya mitandao hakuhitaji tena kompyuta kumi. Moja yenye RAM ya kutosha ilitosha kuendesha seva ya tovuti, seva ya barua pepe, mtandao wa majaribio na mashine ya kuvunjavunja makusudi ili ajifunze kutengeneza. Hiyo ndiyo maabara ya nyumbani.

Ila fikiria kilichotokea hapo. Zamani kompyuta kumi zilikuwa na diski kumi. Ikifa moja, tisa zinapiga kazi. Sasa kompyuta kumi zote ni mafaili makubwa yaliyolala kwenye diski moja. Ikifa hiyo, msiba ni wa ukoo mzima. Ndiyo maana mwenye maabara ya mashine pepe anafika haraka sana kwenye swali la uhifadhi kuliko mtu mwenye laptop tu.

FAILI ZINAZOOZA KIMYA KIMYA

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa na diski.

Biti moja inaweza kugeuka kwenye sahani ya diski, kwenye waya au kwenye RAM, na hakuna kengele itakayolia. Picha inafunguka ikiwa na mstari wa kijani katikati. Faili la mashine pepe linagoma kuwaka. Mwaka 2007 maabara ya CERN, iliyopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ilitoa ripoti ya vipimo vyao wenyewe na kuonyesha kwamba data iliyoharibika bila taarifa yoyote ni jambo la kweli hata kwenye vifaa vya kitaalamu.

Wahandisi wa kampuni ya Sun huko California walikuwa wameshaliona. Mwaka 2001 walianza kujenga mfumo wa faili uitwao ZFS, na mwaka 2005 ukatolewa wazi kwa kila mtu. Unachofanya ni kutomwamini mtu yeyote. Kila kipande cha data kinapewa alama ya uhakiki, na alama hiyo inawekwa mahali pengine. Kikisomwa, alama inapigwa upya na kulinganishwa. Zikitofautiana, mfumo unachukua nakala nzima kutoka diski nyingine na kuirekebisha ile mbovu, na wewe hata hujui. Unaweza pia kuuamuru upitie diski zote kila mwezi, kama fundi anayegonga kila tofali la ukuta kusikia lipi lina ufa.

ZFS ina ujanja mwingine unaoitwa snapshoti. Haiandiki juu ya data ya zamani, inaandika pembeni, kwa hiyo inaweza kukumbuka hali ya mfumo mzima kwa saa fulani karibu bila gharama. Mtu akifuta folda ya Woody saa nne asubuhi, unairudisha ya saa tatu. Kama studio ile ingekuwa na kitu hiki mwaka 1998, kile kikao cha dharura kisingekuwepo.

SEVA INAHAMIA CHUMBANI

Oktoba 2005, Mfaransa mmoja mpenda kompyuta alichukua mfumo mdogo uliotengenezwa kwa ajili ya ruta, akaugeuza uwe wa kugawa faili kwenye mtandao. Akauita FreeNAS na kuuachia bure. Kompyuta kuukuu, diski mbili tatu, flashi ya kuwashia, na tayari una seva ya uhifadhi. Baadaye ZFS ikaingizwa humo. Leo mradi huo unaitwa TrueNAS na unatumika hata kwenye makampuni.

Vifaa navyo vikasogea. Mwaka 2010 HP walitoa seva ndogo ya MicroServer yenye nafasi nne za diski, ikakaa mezani bila kelele nyingi, na wapenda maabara wakaivamia. Wengine wakaenda kwa seva za mtumba zilizotolewa maofisini: nguvu kibao, bei poa, ila kelele kama ndege inaruka na bili ya umeme ya kuumiza.

Njia haikuwa laini. Mwaka 2011 mafuriko ya Thailand yalizamisha viwanda vya diski, na bei ikapanda dunia nzima. Mwaka 2020 ikabainika kwamba kampuni kubwa zilikuwa zinauza baadhi ya diski zenye njia za kuandikia zilizopandana kama vigae vya paa, bila kuwaambia wanunuzi. Kwa kuhifadhi muvi hazina shida. Kwa ZFS inayojenga upya diski iliyokufa, zilikuwa zinakwama vibaya. Aliyegundua hakuwa profesa. Walikuwa watumiaji wa kawaida waliochoka kuona diski mpya zikikataliwa, wakaanza kulinganisha namba za modeli. Mwaka 2021 sarafu mpya ya kidijitali inayochimbwa kwa nafasi ya diski ikasafisha maduka. Na mwanzoni mwa 2024, baada ya VMware kununuliwa, lile toleo la bure likaondolewa, wengi wakahamia Proxmox. Mwaka 2025 likarudi, lakini wengi walishazoea kwingine.

HESABU YA DISKI NNE

Historia yote hii inakutana kwenye meza ya kijana anayepanga seva yake. Tuseme ana diski nne, kila moja TB 4. Jumla TB 16. Anazipanga vipi?

Mpango wa kwanza: diski moja ya ulinzi. Anabaki na TB 12, na moto unawaka, anaona amepata dili. Ila diski moja ikifa, ili kuijenga upya lazima asome zote tatu zilizobaki mwanzo mwisho, TB 12. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huandika kwamba kosa moja la kusoma linaweza kutokea kwa kila biti trilioni 100, sawa na TB 12.5. Kwa kawaida diski hufanya vizuri kuliko karatasi inavyosema, lakini ukweli ni kwamba anatembea karibu kabisa na ukingo, siku ambayo hana ulinzi wowote uliobaki.

Mpango wa pili: diski mbili za ulinzi. Anabaki na TB 8, na diski zozote mbili zikifa bado yupo salama.

Mpango wa tatu: jozi mbili za pacha. Nazo zinatoa TB 8. Zikifa diski mbili za jozi tofauti, anapona. Zikifa za jozi moja, kwaheri. Kwa nini basi wenye mashine pepe wengi wanachagua huu? Kasi. Mashine pepe kumi haziombi faili moja kubwa kwa mstari. Zinaomba vipande vidogo vidogo, huku na kule, zote kwa wakati mmoja. Diski inayozunguka inamudu maombi 100 hivi kwa sekunde. Kwenye mpango wa pili, diski zote nne huenda pamoja kwa kila ombi la kuandika, kwa hiyo mwendo ni kama wa diski moja. Kwenye jozi mbili, mwendo wa kuandika unazidi mara mbili, na kusoma zaidi ya hapo.

Aliyekomaa anachanganya: mashine pepe kwenye SSD mbili za pacha, diski kubwa zinazozunguka kwa ajili ya muvi, picha na nakala. SSD inamudu maombi maelfu kwa maelfu kwa sekunde, na hapo maabara inapumua.

Mtandao nao una hesabu yake. Waya wa gigabiti moja unapitisha MB 125 kwa sekunde ukipiga hesabu ya darasani, na kidogo pungufu kwenye maisha halisi. Kwa kuanzia inatosha. Kubwa kuliko hilo ni umeme. Mashine pepe inapoandika kwenye seva kupitia mtandao, inasubiri kuambiwa kwamba data imeshakaa kwenye diski kweli. Kusubiri huko kunachosha, kwa hiyo kuna watu huzima uhakiki huo ili kasi ipande. Inapanda kweli, mpaka siku umeme unakatika. Seva ilishasema "tayari" wakati data bado iko kwenye RAM, na mashine pepe zinaamka zimechanganyikiwa. Kwa anayeishi mtaa ambao umeme unakatika bila hodi, pesa ya UPS inatangulia pesa ya prosesa nzuri.

Wapo wanaouliza, kwa nini usumbufu wote huo wakati kuna hifadhi za mtandaoni? Mei 2024, kebo za chini ya bahari zilipopata hitilafu, intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani iliyumba. Aliyekuwa na faili zake nyumbani aliendelea kuzifungua. Ila naye akiibiwa au nyumba ikiungua, hifadhi ya mtandaoni ndiyo itakayomwokoa. Mpiga picha mmoja wa Marekani aliliweka sawa miaka ya 2000 kwa kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, na moja iwe nje ya nyumba. Nakala ya pili si lazima iwe ya kifahari. Diski moja kwa dada au kwa mjomba, inayosasishwa kila wiki, imefanya kazi iliyoishinda mikanda ya studio.

Na kuna hatua ya mwisho ambayo wengi huiruka: kujaribu kurudisha. Chukua mashine pepe moja, ijifanye imekufa, irudishe kutoka kwenye nakala. Ikiwaka, una akiba. Isipowaka, umejua mapema.

YULE MAMA

Toy Story 2 haikupona kirahisi hata baada ya kompyuta kurudi. Baadaye studio iliona hadithi yenyewe haijakaa vizuri na ikaifanya karibu upya ndani ya miezi michache. Ikatoka Novemba 1999 na kuingiza zaidi ya dola milioni 480 duniani.

Aliyeandika ile amri hakutajwa. Wakubwa waliamua kutomsaka, kwa sababu mfumo uliomruhusu mtu mmoja kufuta kila kitu ulikuwa wa kwao wote, na mikanda isiyojaribiwa ilikuwa ya kwao wote pia. Yule mama aliendelea na kazi kwa miaka mingi, akapanda hadi kuwa prodyuza. Mwaka 2023 studio ilipopunguza wafanyakazi, naye alikuwa miongoni mwa waliopewa barua. Mitandaoni watu walichachamaa kweli.

Lakini yeye hakuwa na mpango wa kuokoa filamu. Hakuweka ile kompyuta kwa hofu ya diski kufa. Alikuwa na kichanga, akataka kufanya kazi karibu naye. Akiba yake ilikuwa hai kwa sababu aliitumia kila siku, na ilikuwa salama kwa sababu ilikaa nyumba nyingine. Mikanda ya studio ilikuwa na bajeti, ratiba na wasimamizi, na haikuwa na mtu hata mmoja wa kuifungua kuona ndani kuna nini.

Haya mdau, picha za bi mkubwa, voice note za marehemu babu, kazi za chuo za miaka mitatu: ziko wapi sasa hivi, na mara ya mwisho ulijaribu lini kuzirudisha? Dondosha komenti hapo chini, na kama diski ilishakufanyia umafia, simulia ili wengine wajifunze.